Klabu Iliyoshindwa Fainali Kumi

Historia nyingi za klabu zinazofika mezani petu zimeandikwa kwa vikombe. Mwaka huu walitwaa, mwaka uliofuata wakatetea, kisha wakavuliwa. Kati ya kombe na kombe hukuti mtu anayekwenda kazini wala anayelipa kiingilio. Toleo hili linahusu klabu na miji yake, na nimechagua kulifungua kwa timu ya raga ya Clermont-Ferrand, katikati ya Ufaransa. Kwa miaka 99 timu hiyo haikuwahi kuwa bingwa wa nchi yake. Mhesabu vikombe angeipita bila hata kugeuka.

Iliasisiwa mwaka 1911 na Marcel Michelin, wa ukoo wa watengeneza matairi, kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda. Jina la kwanza lilikuwa Association Sportive Michelin. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, klabu zikakatazwa kubeba majina ya kampuni. Basi Michelin likatoka, likaingia Montferrandaise, kutokana na Montferrand, upande wa mji kilipo kiwanda, na herufi ASM zikabaki vilevile. Jezi nayo ikabaki ya njano na buluu, rangi za kampuni. Wenye sheria wakaridhika, tajiri hakupoteza kitu.

Tajiri huyo hakuishia kwenye michezo. Kampuni ilijenga nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali na maduka. Katika mtaa wa La Plaine barabara zilipewa majina ya tabia njema: kuna ya Ujasiri, kuna ya Wema. Mtu aliweza kuamka katika nyumba ya kampuni, akapeleka mtoto shule ya kampuni, na siku ya mapumziko akaenda kuishangilia timu ya kampuni. Ulikuwa ukarimu? Kwa kiasi, ndiyo. Ulikuwa pia mkono mrefu wa mwajiri hadi sebuleni, na mwanahistoria asiyelisema hilo anamfanyia tajiri kazi ya bure. Tena kampuni ilikuwa na mashamba ya mpira huko Vietnam, ambako vibarua wa Phu Rieng waligoma mwaka 1930. Nao wanastahili kutajwa katika historia ya klabu hii.

Lakini Marcel mwenyewe hafai kupakwa rangi moja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na waliowapinga Wajerumani, akakamatwa, akapelekwa kambi ya Buchenwald, akafia kifungoni mwaka 1945. Uwanja wa klabu unaitwa kwa jina lake.

Sasa tuje kwenye fainali. Bingwa wa Ufaransa hukabidhiwa Bouclier de Brennus, ngao ya ubao yenye bamba la metali, inayoshindaniwa tangu 1892. ASM waliikosa 1936 mbele ya Narbonne, wakaikosa 1937 mbele ya Vienne. Mwaka 1970 walifungwa na La Voulte pointi 3 kwa 0, mechi nzima! Wakashindwa tena 1978, 1994, 1999 na 2001. Halafu ikaja miaka mitatu mfululizo. Mwaka 2007 ushindi ulikuwa mkononi, Stade Français wakafunga trai dakika za mwisho, ikaisha 23 kwa 18. Mwaka 2008 wakafungwa na Toulouse, 2009 na Perpignan. Jumla kumi.

Mashabiki wetu wana msemo wa kumkebehi jirani aliyefungwa: asiyekubali kushindwa si mshindani. Watu wa Clermont walikubali mara kumi, na kila msimu wakarudi uwanjani. Kilichowarudisha, naamini, ni kiwanda. Kilipokuwa katika kilele chake kiliajiri karibu watu 30,000 mjini humo. Ilikuwa vigumu kupata familia isiyokuwa na mtu wake pale. Kuihama timu kungekuwa kama kumhama shemeji.

Tarehe 29 Mei 2010 walikutana na Perpignan walewale. Napolioni Nalaga, winga kutoka Fiji, akafunga trai, na mechi ikaisha 19 kwa 6. Aliyeipokea ngao ni nahodha Aurélien Rougerie, ambaye baba yake, Jacques, aliivaa jezi hiyohiyo kabla yake. Ubingwa wa pili ulikuja 2017. Ule wa Ulaya bado: 2013 waliukosa kwa pointi moja tu, Toulon 16, wao 15.

Leo kiwanda kimepungua sana, na wachezaji wanaletwa kwa mishahara minono kutoka kila pembe ya dunia ya raga. Je, timu bado ni ya mji? Mmoja wa waandishi wetu anasema ndiyo bila kusita. Mimi nasitasita: mapenzi yaliyolelewa na kazi ya pamoja sijui yataishi muda gani kazi ikishaondoka.

Kwa wanaojiandaa kutuandikia toleo lijalo, nina ombi moja. Orodha ya vikombe tunayo tayari. Tuleteeni nani alilipa, nani alifua jezi, nani alifukuzwa kazi, na watu walikwenda wapi siku ile timu ilipofungwa.