Kipindupindu na Wajibu Wetu kwa Jirani

Kila masika yanapokaribia, familia zinazoishi mabondeni katika Kinondoni na Temeke huingiwa na hofu mbili: mafuriko na kipindupindu. Hofu hiyo ina historia. Katikati ya Agosti 2015, siku zile tulipokuwa tukiadhimisha Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, ugonjwa huo uliripotiwa Kinondoni, ukaingia Ilala na Temeke, kisha ukasambaa katika mikoa mingi. Kufikia katikati ya mwaka 2016, watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua nchini na mamia walikuwa wamefariki dunia. Desemba 9, 2015, sherehe za Uhuru hazikufanyika. Rais John Magufuli aliagiza siku hiyo itumike kufanya usafi nchi nzima.

Je, tulijifunza nini? Bado husemwa kwamba kipindupindu ni ugonjwa wa watu wachafu. Kauli hiyo si ya haki, wala haisaidii kinga. Vimelea vyake hutoka katika kinyesi cha aliyeambukizwa na kuingia kinywani mwa mwingine kwa maji au chakula. Tena, wengi walioambukizwa hawaoneshi dalili, ilhali huweza kueneza ugonjwa kwa siku kadhaa. Hivyo, mama anayedeki nyumba yake kila asubuhi aweza kuugua kwa sababu ya choo asichokijua.

Ndiyo maana hatuna budi kusema wazi juu ya kutapisha vyoo. Mvua kubwa inaponyesha, wapo wanaofungulia mashimo ya vyoo ili maji yabebe kinyesi hadi mtaroni. Mwenye nyumba huokoa fedha za gari la majitaka, lakini gharama humwangukia mtoto wa jirani anayecheza katika maji yale, na mpangaji anayechota katika kisima kifupi kilicho karibu. Huo si ujanja wa mjini. Ni kosa dhidi ya uhai, na mwamini anayelitenda anapaswa kulikumbuka anapojiandaa kuungama.

Hata hivyo, haki inatudai tutazame pia upande wa pili. Gari la majitaka haliwezi kupita katika vichochoro vingi vya Tandale au Keko, na familia inayonunua maji kwa dumu hupima hata maji ya kunawa. Katika waraka wake *Laudato si'*, uliotolewa Juni 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu. Basi, tukihimiza kunawa mikono pasipo kudai maji yafike mitaani, tunawatwisha maskini mzigo tusioubeba wenyewe.

Yapo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, yatunzwe katika chombo chenye mfuniko. Chakula kiliwe kingali moto. Misibani na katika mikutano ya jumuiya, tumiminiane maji kwa jagi na sabuni, tuache kuchovya mikono katika bakuli moja. Na anayeharisha mfululizo asifichwe kwa aibu: apewe maji yenye mchanganyiko wa chumvi na sukari, huku akikimbizwa kituo cha afya. Kipindupindu huweza kuua kwa saa chache, lakini wanaotibiwa mapema karibu wote hupona.

Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zina uzoefu mkubwa wa kuchangishana kwa ajili ya harusi na misiba. Tunashauri kila jumuiya, kabla ya mvua, iwatambue wajane, wazee na wapangaji ambao vyoo vyao vimejaa, iwachangie fedha za kunyonya majitaka, na izungumze na wenye nyumba pamoja na uongozi wa mtaa. Mchango huo ni nafuu kuliko sanda, nao humkinga jirani pamoja na anayeutoa.