TAMKO KUHUSU MABAKI YA VIWANDA VYA MAGARI DETROIT

Sisi wanachama wa chama cha wahifadhi wa historia ya viwanda, tunaotembeza wageni katika majengo ya kale ya viwanda vya magari mjini Detroit, Marekani, tunatamka kwamba kisibomolewe tena kiwanda cha zamani kabla wananchi hawajasikilizwa.

Kiwanda cha magari ya Packard, kilichosanifiwa na Albert Kahn na kuanza kujengwa 1903, karibu chote hakipo tena. Sehemu yake kubwa ilibomolewa kati ya 2022 na 2024. Hatuwalaumu majirani waliofurahi; waliishi kwa miaka mingi kando ya gofu lenye takataka na hatari. Tunalaumu miongo ya kutelekezwa iliyofanya ubomoaji uonekane kuwa dawa pekee.

Jengo la Piquette, kiwanda cha zamani cha Ford, lina habari nyingine. Lilijengwa 1904 kwa matofali na sakafu za mbao, na katika chumba kilichofichwa cha ghorofa ya juu ndimo Henry Ford na mafundi wachache walimobuni gari la Model T, lililotoka 1908. Mwaka 2000 lilinunuliwa na kikundi cha watu waliojitolea kuliokoa. Leo ni jumba la makumbusho.

Kinachotuuma zaidi ni Highland Park, mji mdogo uliozungukwa karibu pande zote na Detroit. Katika kiwanda cha Ford cha hapo, mwaka 1913, magari yalianza kusogezwa mbele ya mafundi, badala ya mafundi kulizunguka gari. Chasisi iliyochukua zaidi ya saa 12 kuunganishwa ikafika dakika 93. Kazi hiyo ilichosha mwili na akili, watu wakaacha kwa maelfu. Ndipo Januari 1914 Ford ikatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8. Mahali palipobadilisha kazi ya viwandani duniani, mgeni huishia kusoma kibao kando ya barabara ya Woodward na kutazama kuta kwa nje. Haitoshi hata kidogo!

Tunawataka wamiliki, halmashauri ya Highland Park na serikali ya jimbo la Michigan wakae meza moja, wakague uimara wa majengo yaliyosalia, na wafungue walau ukumbi mmoja kwa wageni. Wastaafu wa viwanda vya magari waajiriwe kuwa waelezaji, kwa malipo halali. Chama chetu kiko tayari kutoa watembezaji wake kwa kazi ya kuwafunza.