Ni Nani Aliyemleta Ibilisi Hotelini?

Msema pweke hakosi, walinena wahenga. Uvumi nao ni msema pweke: hushtaki wenyewe, hujitolea ushahidi wenyewe na kukata hukumu wenyewe. Niliukumbuka usemi huo majuzi, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliponiuliza iwapo ni kweli kwamba wimbo "Hotel California" wa bendi ya Eagles ni sala ya Ibilisi. Swali hilo lina umri mkubwa kuliko wake. Nami niliwahi kuliuliza, bwenini, taa zikiwa zimezimwa.

Katika bweni hilo mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alikuwa na kanda ya bendi hiyo, aliyopewa na mjomba wake. Jumamosi moja mwalimu wa zamu aliichukua, na Jumatatu asubuhi ikainuliwa juu mbele ya shule nzima kama kidhibiti cha mauaji. Hapana aliyeuliza wimbo wenyewe unasema nini. Mwenye kanda alifukuzwa kwa wiki mbili, na aliporudi hakuna aliyekubali kulala kwenye kitanda kilicho juu ya chake. Muhula uliofuata alihama.

Simlaumu sana mwalimu yule. Ilikuwa miaka ya tisini. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi alikuwa ameunda tume ya kuchunguza ibada za mashetani nchini, chini ya uongozi wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake haikutolewa hadharani hadi mwaka 1999. Hofu ilikuwa hewani, naye aliivuta kama sisi sote. Isitoshe, tangu zamani Mombasa husimuliwa habari za mwanamke mzuri wa usiku ambaye, ukimtazama chini, miguu yake ni kwato. Masikio yaliyolelewa kwa ngano hiyo, yakisikia habari za msafiri aliyechoka jangwani usiku, akapokewa mlangoni na mwanamke mwenye mshumaa, na kisha akagundua kwamba nyumba ile haina njia ya kutokea, yatafikiri nini?

Lakini uvumi wenyewe haukuzaliwa kwetu. Ulizaliwa kule kule Marekani, punde tu baada ya santuri hiyo kutolewa mwezi wa Desemba 1976. Walisema hoteli ni kanisa la shetani la Anton LaVey, lililoanzishwa San Francisco mwaka 1966. Kwa kuwa nyumba ya LaVey ilikuwa katika mtaa uitwao California, jina la mtaa likawa ushahidi. Walisema ndani ya jalada la santuri, mahali palipopigwa picha ya umati ukumbini, kuna kivuli cha mtu roshanini, na kivuli hicho ni LaVey mwenyewe. Wengine waliapa kwamba hoteli ni hospitali ya wagonjwa wa akili ya Camarillo. Hospitali hiyo ilifungwa mwaka 1997, na leo majengo yake ni chuo kikuu. Wanafunzi huingia na kutoka humo kila siku bila ya kuzuiwa na mzuka yeyote, ila labda ule wa karo. Wengine nao huwapeleka watalii hadi mji wa Todos Santos nchini Mexico, kwenye hoteli yenye jina hilo hilo. Eagles waliishtaki hoteli hiyo mwaka 2017, na kesi ikamalizwa kwa maafikiano mwaka uliofuata. Jengo linaloonekana kwenye jalada, minazi na machweo nyuma yake, si kanisa la mtu wala hospitali. Ni Beverly Hills Hotel, iliyofunguliwa mwaka 1912 na kuzoeleka kwa matajiri na waigizaji wa filamu.

Hapo ndipo tungeanzia sisi walimu, iwapo tungetaka kuanza. Don Henley alitoka Texas, Glenn Frey Michigan, Don Felder aliyeutunga muziki alitoka Florida. Kati ya watunzi hao watatu hakuna hata mmoja mzaliwa wa California. Walikwenda Los Angeles kama vijana wetu waendavyo Nairobi, kutafuta jina na fedha, na wakavipata vyote kwa wingi uliowatisha. Henley ameeleza zaidi ya mara moja kwamba wimbo huo unahusu safari ya kutoka katika ujana usiojua kitu hadi ujuzi wenye uchungu, na anasa iliyopita kiasi. Dawa za kulevya walizitumia wenyewe na hawakuficha. Anayefungwa katika hoteli ile hakufungiwa na pepo. Aliingia kwa miguu yake, akapapenda. Mimi naona hilo linatisha kuliko pembe na mkia, kwa maana shetani hukemewa akatoka, lakini tamaa yangu mwenyewe nitaitoa wapi?

Tazama jinsi uvumi ulivyolisoma neno moja tu. Katika wimbo mgeni anataka mvinyo, na katika jibu apewalo mna neno la Kiingereza lenye maana mbili: pombe kali, na pia roho. Mwaka 1969 unatajwa papo hapo. Wenye hofu walishika maana ya roho peke yake, wakasema Roho Mtakatifu amefukuzwa hapo tangu mwaka huo; tena, si ndio mwaka LaVey alipochapisha kitabu chake cha itikadi za kishetani? Wenye kujua vinywaji walishika pombe peke yake, wakamcheka mtunzi kwa kutojua kwamba mvinyo hauhesabiwi katika pombe kali. Henley alijibu kwamba hakuwa akizungumzia ufundi wa vinywaji hata kidogo, bali hali ya jamii. Mwaka 1969 ndio uliokuwa na tamasha la Woodstock mwezi wa Agosti, ambako vijana waliota amani, na tamasha la Altamont mwezi wa Desemba, huko huko California, ambako kijana aliuawa karibu na jukwaa. Ari ya zama fulani ilikufa. Neno limebeba maana zote mbili kwa makusudi, na mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kufafanua kinaya na jazanda darasani hana sababu ya kubabaika mbele yake.

Vivyo hivyo kuhusu visu vinavyotajwa kwenye karamu. Walisema ni kafara ya watu. Kumbe ni utani kwa bendi nyingine, Steely Dan, ambayo mwaka ule ule wa 1976 ilikuwa imewataja Eagles katika wimbo wake! Mtu hucheka.

Hata hivyo, si kila mara mtu hucheka. Katika mwaka huo huo wa 1969 Charles Manson aliwaambia wafuasi wake kwamba nyimbo za Beatles zilikuwa na ujumbe wa siri juu ya vita vya rangi vilivyokaribia. Mwezi wa Agosti wafuasi hao waliwaua watu katika nyumba za Los Angeles, na katika mojawapo wakaandika kwa damu jina la wimbo mmojawapo, tena kwa tahajia iliyokosewa. Beatles hawakuweka ujumbe wowote wa aina hiyo. Ujumbe uliletwa na msikilizaji.

Watetezi wa uvumi husema kwamba wimbo wa namna hii huandikwa kwa maagizo ya pepo. Basi na watazame mahakama ya New York, ambako watu watatu walishtakiwa kuhusu karatasi zipatazo 100 zilizoandikwa kwa mkono, rasimu za mashairi ya santuri hiyo. Mashtaka yaliondolewa mwezi wa Machi 2024, kesi ikiwa katikati. Mimi nilivutiwa na karatasi zenyewe kuliko kesi. Aliyeamriwa na pepo angeandika mara moja tu. Kurasa 100 ni kazi ya mtu anayetafuta neno, akilikosa anarudi tena, kama anavyofanya mwanafunzi wangu na insha yake, au kama ninavyotamani afanye.

Mwanafunzi aliyeniuliza nilimwambia alete maneno ya wimbo yakiwa yameandikwa, tuyasome mstari kwa mstari, na kila dai aoneshe mstari lilipotoka. Amekwisha kunijia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na kamusi; mara ya pili alikuja na rafiki zake wanne, wakibishana mlangoni kabla sijawakaribisha.

Kanda ile ya bwenini haikurudishwa kamwe. Yangu niliinunua miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwalimu mgeni kazini, na nilipofika kwenye lile neno lenye maana mbili niliusimamisha mtambo, nikamkumbuka mwenzetu akitandika kitanda chake peke yake.