Kasi ya intaneti: Kwa nini vipimo viwili havilingani

RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinauza korosho na ufuta wa wakulima kwa minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kwa sababu hiyo kasi ya intaneti imekuwa suala la biashara, na malalamiko kuhusu vipimo vyake yamezidi.

Programu ya kupima kasi inaonyesha 16, lakini wakati wa kupakua faili, kiashiria kilicho juu ya kioo cha simu kinaonyesha 2 tu. Mteja anahisi ameibiwa bando.

Mara nyingi hakuna wizi. Programu ya kupima huhesabu kwa megabiti, kiashiria huhesabu kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Gawanya 16 kwa 8, unapata 2. Mkulima aliyewahi kuumizwa na kangomba anajua kwamba namba bila kipimo chake ni kelele tu. Tazama herufi: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti.

Ipo sababu nyingine. Programu ya kupima hujaza njia yote kwa sekunde chache, tena kwa kawaida huchagua seva ya karibu, tuseme Dar es Salaam. Kiashiria huonyesha kile kinachopita wakati huo tu, hivyo ukisoma ujumbe kinashuka hadi karibu sifuri ingawa mtandao ni mzima. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, kipimo cha seva ya ndani ya nchi kingeweza kupendeza huku huduma za nje zikisuasua.

Kupima nako kunakula bando. Kasi ya megabiti 20 kwa sekunde 10 ni megabaiti 25. Ukipima mara nne, 100 zimekwenda.

Kwa maoni yangu, anayefuatilia bei za mnada hahitaji namba kubwa. Ukurasa wa bei ni mwepesi. Kinachomuumiza ni mtandao kukatikakatika. Kabla ya kulipia kifurushi ghali zaidi, jaribu huduma unayoitumia, saa unayoitumia. Kama megabiti ulizoahidiwa hazifikiwi siku kadhaa mfululizo, andika tarehe, saa na mahali, umpelekee mtoa huduma. Asipokujibu, malalamiko hupokelewa TCRA.