Mwandishi Amefika, Kitabu Kiko Wapi?

Mwaka jana katika msimu wa palizi tulipata barua ya kutualika kwenye maktaba ya mji wetu mdogo. Barua ilisema kwamba mwandishi wa vitabu atakuja kutoka Dar es Salaam kuzungumza na wananchi, na kwamba walimu, wazee na vijana wa vijiji vyote vya karibu wanakaribishwa. Tulifurahi sana, kwa maana katika miaka yote tuliyofundisha huku hatujapata kumwona mwandishi kwa macho, na wanafunzi wetu wengine hudhani kwamba watu waandikao vitabu wote wamekwisha kufa. Basi tukaacha majembe, tukafunga safari, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu, tukafika saa tatu asubuhi kama tulivyoagizwa.

Tulikuta turubai limefungwa mbele ya maktaba, viti vimevikwa vitambaa vyeupe, kipaza sauti kinanguruma, na kreti za soda zimepangwa chini ya mwembe. Mgeni rasmi alifika saa sita. Ikafuata ngoma, kisha utambulisho, maana kila mwenye cheo sharti asimame apigiwe makofi, na wenye vyeo walikuwa wengi kuliko tulivyodhani mji wetu waweza kuwalisha. Kisha hotuba tatu, zote za kusifu usomaji. Mwandishi mwenyewe alipewa nusu saa ya mwisho, watu wamekwisha choka. Yeye ni mtu mpole, alisema maneno mazuri, wala hatuna neno baya juu yake. Alipokwisha, mzee mmoja wa kijijini kwetu aliinua mkono, akasema, "Mwanangu, tumekusikia, nasi twakushukuru. Sasa hicho kitabu chenyewe tutakisoma wapi?"

Kimya kikaingia. Kitabu kilikuwa kimoja tu, juu ya meza, kimefunikwa kwa kitambaa cha kufumwa. Tena kilikuwa ni zawadi ya mgeni rasmi, naye aliondoka nacho.

Tangu siku ile tumelizungusha swali la yule mzee katika mioyo yetu, na leo twataka kulisema mbele ya watu. Mkutano wa mwandishi usiotanguliwa na kitabu chake mikononi mwa watu si kazi ya maktaba hata kidogo. Ni karamu ya harusi isiyo na bibi arusi. Na fedha iliyotumika kwa turubai na soda ni fedha iliyoibwa katika rafu za vitabu, ijapokuwa hakuna mtu aliyeitia mfukoni.

Tulipomwambia hivyo mmoja wa waliouandaa mkutano, alitucheka. Alisema kwamba watu wa vijijini hawapendi kusoma, na kwamba sharti wavutwe kwanza kwa ngoma. Kitabu kitafuata baadaye. Maneno haya tumeyasikia tangu tulipokuwa vijana wa chuo, nayo si kweli. Huku kwetu gazeti lililofungiwa samaki husomwa kabla samaki hajaliwa. Karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa ya mifugo hupita nyumba kwa nyumba mpaka ichanike. Mtu asiye na kitu cha kusoma asiambiwe kwamba hapendi kusoma, kama vile mtu asiye na unga asivyoweza kuambiwa kwamba hapendi ugali.

Wazee wetu watakumbuka mwaka 1973, katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Serikali ya Tanzania iliwafundisha viongozi wa vikundi wapata 75,000, na watu wapata milioni mbili walijiunga na vikundi hivyo katika vijiji na miji. Juma kwa juma kikundi kilikusanyika, kikasikiliza redio, kikasoma sehemu yake katika kitabu kilichopigwa chapa kwa ajili ya kazi hiyo, kikajadiliana juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu, kisha kikaamua la kufanya. Asiyejua kusoma alisomewa na jirani yake. Na matokeo yake hayakuwa makofi, yalikuwa vyoo vilivyochimbwa, madimbwi yaliyofukiwa na majani yaliyofyekwa kuzunguka nyumba. Twawauliza mabwana wanaosema kwamba watu wa shamba hawawezi kukusanyika kwa ajili ya kitabu: watu milioni mbili wale walikuwa ni wa nchi gani? Siri ya kazi ile haikuwa kubwa. Kitabu kilifika kwanza, na mazungumzo yakakifuata.

Tena jambo lenyewe si la kupitisha siku tu. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba watu wazima wasiojua kusoma katika Tanzania wamebaki wapata 10 tu katika 100, na nchi nyingi zilitustaajabia. Hesabu ya watu ya mwaka 2002 iliwakuta wapata 31 katika 100. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Miaka ya dhiki ilikuja, watoto wengi hawakutiwa shuleni, na madarasa ya jioni yalikufa. Lakini sisi tulio vijijini tuliona kwa macho yetu sababu nyingine ambayo haiandikwi sana. Twawajua akina mama waliosoma barua zao wenyewe walipokuwa vijana, na leo huzileta kwetu tuwasomee. Hawakupofuka. Walipewa kusoma, wasipewe cha kusoma, na kile walichojifunza kikawatoka kidogo kidogo, kama njia isiyopitwa inavyomezwa na nyasi. Hesabu zilizofuata zimeonyesha nafuu, nasi twashukuru. Lakini nafuu hiyo nayo itamezwa na nyasi zile zile ikiwa hakuna anayepita.

Hapo ndipo penye kazi ya maktaba ndogo, na walioziasisi walilijua hilo. Ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, ilipoanzishwa mwaka 1948, haikuridhika na kupiga chapa tu, bali ilituma masanduku ya vitabu mashambani, na wengine ikawaazima kwa njia ya posta. Sheria ya maktaba ya Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Na jirani zetu wa Kenya, mwaka 1996, walipoona kwamba wafugaji wa upande wa Garissa hawawezi kuifuata maktaba, waliipakia maktaba juu ya ngamia. Ngamia mmoja huchukua masanduku mawili yenye vitabu wapata 400, mwingine huchukua hema, na watoto husoma kivulini wakiwa wamekaa juu ya mikeka. Tazameni basi: nao wana hema, kama sisi. Lakini hema lao hufika pamoja na vitabu 400, na letu lilifika pamoja na kimoja.

Sasa ingia katika maktaba yetu siku yo yote isiyo ya sherehe. Utakuta vijana wa sekondari wamejaza meza zote, kila mmoja na madaftari yake aliyotoka nayo nyumbani. Hawajagusa rafu. Wamefuata kiti, taa na utulivu, kwa kuwa nyumbani hawana, wala hatuwalaumu. Mtihani uko mbele yao. Lakini mkulima akiingia na viatu vyenye tope hutazamwa kama amepotea njia. Akitaka kuazima kitabu huambiwa alete picha, na ada, na barua ya mdhamini. Mtunza maktaba, ambaye ni mtu mwema na mwenye mshahara mdogo, alitueleza kwamba vitabu vikipotea hukatwa yeye. Basi amejifunza kupenda vitabu visivyotoka. Nani atamlaumu? Aliyetunga kanuni hiyo na alaumiwe, si huyu anayeila.

Wako pia watu wazuri, hasa wale waliosoma zamani, wanaochukia mikutano yote ya maktaba, ya kweli na ya uongo. Husema kwamba maktaba ni mahali pa kimya na wenye maneno waende sokoni. Kwa hao twataka kujibu kwa heshima, kwa maana nusu ya neno lao ni kweli. Kimya kina saa zake. Lakini katika lugha yetu maneno yalisemwa na kuimbwa kabla hayajaandikwa, na hata leo kitabu kikiingia katika nyumba ya kijijini mara nyingi msomaji ni mmoja na wasikilizaji ni saba. Kumnyamazisha msomaji huyo ni kuwanyima wale saba. Chumba kimoja na kiwe cha kimya, na baraza iwe ya masimulizi. Maktaba yetu ina baraza pana, na sasa inakaliwa na mbuzi.

Waandishi nao wana haki yao katika jambo hili, nao huonewa kama sisi. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 akafa mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, akaandika baada ya saa za kazi. Leo jina lake limewekwa juu ya shule na barabara. Lakini nenda katika miji midogo ya Tanga alikofanya kazi, uulize watu kumi mitaani ni wangapi waliosoma kitabu chake kizima nje ya darasa. Jina twalitukuza, kitabu twakiacha. Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, tulipiga vigelegele kuanzia Unguja mpaka Ujiji. Walakini kitabu chake Paradise, kilichotoka mwaka 1994, kilipata Kiswahili mwaka 2022 tu, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, kikaitwa Peponi. Miaka 28 hadithi ya pwani na bara yetu ilisomwa na wageni kabla ya kutufikia kwa lugha yetu. Sasa imefika. Je, nakala moja iko katika maktaba ya mji wako? Uulize kabla hujaalikwa kumpigia makofi mwandishi mwingine.

Kuhusu fedha, tutaambiwa kwamba hakuna. Twajibu kwamba ilikuwapo, nasi tuliinywa chini ya mwembe. Tajiri Andrew Carnegie, mwana wa mfumaji wa Dunfermline katika Scotland, aliyetajirika kwa chuma huko Marekani, alisaidia kujenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi nyingi. Mwenyewe alikuwa mfanya biashara mkali, na wafanyakazi wake hawakumsifu wote. Lakini katika hili alikuwa na akili. Huko Marekani mji ulioomba fedha zake ulipaswa kutoa kiwanja, tena kuahidi kwamba kila mwaka utatoa fungu lisilopungua sehemu ya kumi ya gharama ya jengo, kwa vitabu na mishahara na matengenezo. Alijua kwamba nyumba huzinduliwa siku moja, na rafu hulia njaa kila mwaka. Halmashauri zetu zapenda siku ile moja, kwa sababu ina picha.

Basi twataka nini? Twataka mwandishi aje, tena aje mara nyingi. Lakini mwezi mmoja kabla hajaja, nakala 20 za kitabu chake zitoke: nyingine ziende shuleni, nyingine makanisani na misikitini, nyingine kwa akina mama wa sokoni, ambao hukaa na bidhaa zao kutwa na wana nafasi ya kusoma kuliko sisi walimu. Zisomwe kwa sauti jioni. Zikirudi na alama za mafuta ya taa na vidole, mtunza maktaba asikatwe hata senti. Kisha mwandishi aje siku ya Jumamosi alasiri, baada ya palizi si katikati yake, akae kwenye kiti kama wengine, aulizwe kwa nini alimwua yule mtu katika sura ya tisa na kama amepata kulima mihogo maishani mwake. Mkuu akitaka kuja na aje, ila awe amesoma. Hotuba hatutaki. Maji ya mtungini yatatosha, na nauli ya mwandishi tutaichanga.

Tumekwisha sikia kwamba mwaka huu pia atakuja mwandishi, na kwamba kamati ya mapokezi imeundwa, na fundi wa turubai amepewa malipo ya kwanza. Sisi walimu wa vijiji vinne tumeiandikia kamati hiyo barua, tukaomba nakala kumi tu ili tuanze kusoma, nasi tumeahidi kuzirudisha zote. Barua ilipokelewa ikagongwa muhuri tarehe tano. Jibu halijaja, na yule mzee hutuuliza kila Jumapili.