Heshima ya Karamu na Gharama Yake



Katika lugha yetu, mzee aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Usemi huo ni mzuri, ila siku hizi tumeanza kuutimiza neno kwa neno. Kopo la chumvi husimama katikati ya meza, nasi huinyunyiza kabla hata ya kuonja. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na hapo imekwisha kuhesabiwa ile iliyomo katika mkate, samaki mkavu na vile vipande vya kutia ladha mchuzi.

Hatusemi haya ili kumlaumu mgonjwa yeyote. Kipo kisukari kiwapatacho watoto wadogo pasipo kosa la chakula, na shinikizo la damu nalo hufuata ukoo. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kwamba takribani mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja alikuwa na kisukari. Hesabu kubwa namna hiyo haielezwi kwa urithi peke yake.

Ubaya wa maradhi haya ni ukimya wake. Shinikizo la damu huweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu yoyote, likiikaza mishipa na kuuchosha moyo na figo. Sukari iliyozidi katika damu huharibu mishipa midogo ya macho na ya figo, na hufisha hisia za miguu, hata mtu akanyage msumari asijue. Kisha siku moja kiharusi kinabisha hodi, nasi tunakwenda msibani tukiambiana kwamba marehemu ameondoka ghafla. Ghafla gani hiyo iliyoandaliwa kwa miaka ishirini?

Kwa maoni yetu, kiini cha tatizo hakipo katika ujinga. Watu wengi wamekwisha kuyasikia mafundisho ya zahanati. Kiini kipo katika heshima. Mgeni asiyepewa soda hujiona hakukaribishwa. Mama apikaye kwa mafuta kidogo huitwa mchoyo, na chai isiyokolea sukari huhesabiwa kuwa ubahili. Dona tumewaachia wanafunzi wa bweni na wafungwa, nasi tunajivunia sembe jeupe ambalo mashine imeliondolea pumba na kiini, na pamoja navyo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi na vitamini. Mtu akinenepa tunasema amenawiri. Akipungua kwa kutembea na kula vema, majirani wanaanza kunong'ona juu ya maradhi mengine.

Inafaa kukumbuka kwamba chakula tunachokionea haya kiliwashangaza wataalamu. Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, aliona kwamba maradhi kadhaa ya matumbo yaliyokuwa ya kawaida Ulaya yalikuwa nadra kwa wanavijiji wa huku. Alikuja kuutangazia ulimwengu umuhimu wa nyuzinyuzi katika chakula. Si kila alilolidhani limethibitika, lakini leo huko Ulaya pumba huuzwa katika maboksi ya rangi, nasi tunawapa kuku.

Wapo watakaosema kwamba kula vizuri ni kwa matajiri. Kwa matunda ya dukani mjini, huenda ni kweli. Lakini dona, maharagwe, mchicha na dagaa havijawahi kuwa chakula cha matajiri. Ugumu halisi ni wa muda: mama atokaye kazini saa mbili usiku hununua chipsi kwa kuwa zimekwisha kuiva. Hapo baba na vijana wa nyumba hiyo wanapaswa kuulizwa ni nani amewakataza kuchemsha maharagwe.

Tunarudi kwenye karamu, kwa maana ndiko heshima inakofundishwa. Katika Kwaresima wapo wanaojinyima soda siku arobaini, kisha Jumatatu ya Pasaka wakazilipa zote kwa pamoja! Chupa moja ya mililita 350 huwa na takribani vijiko tisa vya sukari, ilhali Shirika hilohilo linaona ni heri mtu asivuke kama sita kwa siku nzima. Kamati za sherehe za kipaimara zinaandaa bajeti zao sasa. Tunaziomba zipunguze kreti za soda, ziweke maji safi, machungwa na matikiti, na fedha itakayobaki imlipe muuguzi aje na kipimo cha shinikizo la damu, akae mlangoni, awapime kwanza wazee wa kamati wenyewe.