Programu Zihesabiwe Kama Bunduki

Kila askari aliyepitia mafunzo anajua kwamba bunduki haitoki ghalani bila ya kuandikwa. Namba yake huandikwa, jina la aliyeipokea huandikwa, saa ya kutoka na saa ya kurudi huandikwa, na karani wa ghala hapati usingizi mpaka hesabu imetimia. Hakuna afisa aonaye utaratibu huo kuwa ni usumbufu. Lakini katika baadhi ya ofisi zetu, hatua chache tu kutoka ghala hilo la silaha, zipo kompyuta ambazo programu zake hazikuandikwa mahali popote. Hakuna ajuaye zilitoka wapi, zilinunuliwa nakala ngapi, wala zimewekwa katika mashine ngapi. Kijana mmoja mwerevu huja na flashi mfukoni, akaiweka programu katika mashine ya kwanza, ya pili, hata ya kumi, kisha akashukuriwa kwa kuiokolea Serikali fedha.

Sisi twasema hakuokoa kitu. Ameiandikia Serikali deni katika daftari ambalo Serikali yenyewe hailioni, na aliyeshika daftari hilo anaweza kulifungua siku yoyote apendayo.

Kosa huanzia katika neno kununua. Mtu anunuapo viatu, viatu huwa vyake, naye yu huru kuvivaa, kumpa nduguye au kuviuza. Programu ya kompyuta haiuzwi hivyo. Kinachouzwa ni ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo, tuiitayo leseni, ina mipaka yake iliyoandikwa: mashine ngapi, watu wangapi, muda gani. Askari waielewe leseni kama wanavyokielewa cheti cha likizo. Cheti kina jina la mtu, siku zake na mahali aendako. Anayemkopesha mwenzake cheti chake hajampa likizo. Amemtia katika kosa la utoro, na yeye mwenyewe amejitia katika kosa la udanganyifu.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wafanyabiashara, na kwamba jeshi la nchi haliwezi kufikishwa mahakamani kwa ajili ya kinakala cha programu. Na tutazame basi jeshi lenye fedha na wanasheria kuliko majeshi yote, yaani jeshi la Marekani.

Mwaka 2004 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilifanya mkataba na kampuni ya Texas iitwayo Apptricity, ili kupata programu ya kufuatilia vikosi na mizigo popote vilipo duniani. Leseni iliruhusu sava 5 na vifaa 150. Programu ikawafaa makamanda, na kitu kifaacho jeshini huenea upesi. Baada ya miaka kadhaa ikabainika kwamba ilikuwa imewekwa katika sava 93 na vifaa vipatavyo 9,000. Inasemwa kwamba kampuni haikupata habari hiyo kwa kutuma wapelelezi. Afisa mmoja mkubwa alijisifia mkutanoni jinsi programu ilivyosambazwa katika vifaa maelfu. Kampuni ikashitaki, na mwaka 2013 Serikali ya Marekani ikakubali kulipa dola milioni 50 ili shauri limalizike. Kila msimamizi wa stoo na ajiulize ni lori ngapi, ni mahema mangapi na ni sare ngapi zingeweza kununuliwa kwa fedha hizo.

Kisa cha pili ni cha Jeshi la Majini la nchi hiyo hiyo, nacho kina mafunzo zaidi, maana hapo hapakuwa na wizi wa makusudi. Kampuni ya Ujerumani iitwayo Bitmanagement ilikuwa na programu ya kuonyesha ramani na majengo kwa umbo lake kamili katika kioo cha kompyuta. Jeshi la Majini lilikuwa limelipia leseni 38, yaani watu 38 kwa wakati mmoja. Likaeleza kwamba lingependa kuiweka programu katika mashine zake zote, ili yeyote aihitajiye aikute tayari, na kwamba programu nyingine, mfano wa mlinzi wa lango, ingehesabu walio ndani na kumzuia wa 39. Kampuni haikupinga mpango huo. Basi kuanzia mwaka 2013 nakala zikawekwa katika kompyuta zaidi ya 429,000. Tatizo ni kwamba mlinzi yule wa lango hakupangwa ipasavyo. Alikuwapo, lakini hakuhesabu.

Mwaka 2016 kampuni ikashitaki, ikidai zaidi ya dola milioni 596. Mahakama ya kwanza, mwaka 2019, iliwapa wanamaji ushindi, ikisema kwamba mwenendo wa kampuni wenyewe ulikuwa ni ruhusa. Mwaka 2021 mahakama ya rufani ikaligeuza jambo hilo: ruhusa ilikuwapo, lakini ilikuwa na sharti, nalo sharti lilikuwa kuhesabu, asiyetimiza sharti hana ruhusa. Shauri likarudi chini ili fidia ipimwe, na mwaka 2022 mahakama ikaamua kwamba waliotumia programu ile hasa walikuwa wachache, hivyo kampuni ilipwe dola 154,400. Mwaka 2025 mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu hiyo.

Msomaji mwepesi atacheka kwa kuona milioni 596 zimeshuka hata zikawa laki moja na nusu. Lakini jeshi lile lilikaa miaka tisa mahakamani kwa sababu ya jambo ambalo fundi mmoja na sajini wake wangelikagua kwa asubuhi moja, kama yupo aliyeambiwa kwamba kukagua ni kazi yake. Tena kilichopunguza fidia ni ushahidi wa hesabu: ni watu wangapi waliifungua programu, na mara ngapi. Asiyekuwa na hesabu yoyote angejitetea kwa nini?

Hapa kwetu Uganda sheria ipo, nayo si changa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1964 ilifutwa, mahali pake ikawekwa ya mwaka 2006, ambayo inazitaja waziwazi programu za kompyuta pamoja na vitabu, nyimbo, picha, ramani na filamu. Kazi hulindwa tangu pale ilipoandikwa au kurekodiwa. Haihitaji muhuri wala kusajiliwa kwanza. Mtunzi hulindwa maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kufa kwake. Anayezivunja haki hizo anaweza kupata faini au kifungo. Kisicholindwa ni wazo tupu. Mtu yeyote anaweza kutunga wimbo juu ya vita ile ile au mto ule ule. Hawezi kuyachukua maneno na sauti za mwenzake.

Na hapa ndipo jambo hili linapomgusa askari kwa namna asiyoitarajia, maana askari si mtumiaji tu wa kazi za wengine. Askari ni mtunzi. Hakuna kikosi kisichokuwa na mtu wake wa nyimbo, awe koplo au hata kuruta, ambaye akianza mbiu ya mchakamchaka kombania nzima hupata miguu mipya. Wimbo huo hurekodiwa kwa simu, simu huzunguka, na baada ya mwezi mmoja wasikika katika matatu mjini, katika sherehe za arusi na katika redio. Pengine mtu mwingine ameshaweka jina lake juu yake. Je, koplo ana haki gani?

Sheria yetu yajibu hivi. Ikiwa aliutunga katika kutimiza kazi aliyoajiriwa, au kwa maelekezo ya Serikali, tuseme aliamriwa kuuandaa kwa ajili ya sherehe za Tarehe Sita, basi hakimiliki ni ya Serikali, isipokuwa kama walipatana vinginevyo. Ikiwa aliutunga akiwa likizoni kwao, kwa ajili ya kanisa lake, msikiti wake au mchumba wake, ni wake mwenyewe, na hakuna afisa awezaye kumnyang'anya kwa cheo. Katikati ya hali hizo mbili pana vichaka, na humo hakimu atauliza nani aliamuru, saa za nani zilitumika, na kwa kazi gani. Lakini liko jambo moja ambalo hata amri haiondoi: jina. Mtunzi ana haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Kwa hiyo twawaomba viongozi wa bendi na kwaya za vikosi waandike katika kila karatasi ya wimbo jina la aliyetunga maneno, jina la aliyetunga sauti, na tarehe. Wapiga picha wetu nao waandikwe chini ya picha zao. Kuandika jina la koplo chini ya wimbo wake hakuipunguzii Serikali shilingi hata moja.

Turudi kwenye kompyuta, maana lipo swali ambalo makarani hutuuliza mara kwa mara: ikiwa leseni ni ghali, nasi hatutaki magendo, tufanye nini? Njia mojawapo ni programu huria. Hizi ni programu ambazo waliozitunga wametoa ruhusa ya kuzinakili, kuzitazama ndani, kuzirekebisha na kuzigawa. Mmarekani Richard Stallman aliianzisha kazi hii mwaka 1983, na mwaka 1989 akatoa leseni ambayo hata leo ndiyo nguzo ya programu nyingi za namna hiyo. Jandamari ya Ufaransa, ambao ni wanajeshi wafanyao kazi ya polisi, waliacha programu ya kulipia ya kuandikia mwaka 2005 wakashika OpenOffice. Kisha kuanzia mwaka 2008 wakaanza kubadili hata mfumo mzima wa mashine zao. Kufika mwaka 2024 walikuwa na kompyuta zaidi ya 100,000 zenye mfumo wao waliouita GendBuntu. Jeshi la Austria nalo, mwaka 2025, lilikamilisha kuhamia LibreOffice katika mashine zake zipatazo 16,000.

Wako maafisa waliotuambia kwamba huria na siri za jeshi havikai chungu kimoja, kwa kuwa leseni hizo humlazimisha mtu kuutangazia ulimwengu kila alichobadilisha. Hofu hiyo inatokana na kutosoma. Leseni ile ya Stallman yasema kwamba anayemgawia mtu programu aliyoirekebisha sharti ampe pia maandishi yake ya ndani, ili naye awe na uhuru ule ule. Asiyeigawa nje hadaiwi. Jeshi likiirekebisha programu kwa matumizi yake lenyewe, na ikabaki katika mashine zake lenyewe, halilazimiki kumwonyesha mtu. Lakini siku litakapompa mkandarasi wa nje, sharti litasimama. Ndiyo maana neno huria lisitafsiriwe kuwa halina mwenyewe. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ya Marekani ilimpa haki mtunzi wa programu ya kuendeshea treni za michezo, aliyekuwa ameitoa bure kwa masharti, dhidi ya mtu aliyeichukua akayapuuza masharti yale. Bure haikuwa kinga.

Kwa upande wa polisi, mzigo ni mzito zaidi, kwa kuwa wao ndio waitwao kusimamia sheria hii sokoni. Twajua jinsi msako unavyokuwa: vijana wanaojaza nyimbo katika flashi kwenye vituo vya biashara, vibanda vya sinema ambamo kijana mwenye kipaza sauti huifasiri filamu ya kigeni kwa Kiluganda huku watu wakishangilia. Kazi ya wafasiri hao twaipenda, na tusijidai kwamba hatujakaa katika mabenchi yale. Lakini kuifasiri kazi ya mtu pia kwahitaji ruhusa ya mwenyewe, hata kama tafsiri yenyewe ni ya ustadi. Askari anayekwenda huko na aende na mlalamikaji anayejulikana, aorodheshe kila kilichochukuliwa, na atambue tofauti kati ya mashine ya kunakilia na televisheni ya mjane aliyempangisha kijana chumba. Wala asikitie mfukoni kile alichokikamata. Flashi ya nyimbo iliyokamatwa Jumatatu, ikasikika ikilia katika gari la polisi Jumatano, imeshamtoa mshitakiwa kizimbani.

Tena wakili wa mshitakiwa aweza kuuliza swali jepesi: maelezo haya ya mashitaka yameandikwa kwa programu gani, na leseni yake iko wapi? Tusingependa kuwa karibu na afisa atakayelazimika kulijibu akiwa hana karatasi.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika ukaguzi ujao wa stoo, kila kikosi na kila kituo kiongeze ukurasa mmoja katika daftari lake. Uandikwe jina la kila programu iliyomo katika kila mashine, idadi iliyonunuliwa, idadi iliyowekwa, siku leseni itakapokwisha, na mahali ilipo stakabadhi. Zile za huria ziandikwe pia pamoja na jina la leseni yake. Zile zisizokuwa na asili zitenganishwe, na kamanda aamue kama zinunuliwe, zibadilishwe au zifutwe. Karani mmoja na fundi mmoja wanaweza kuimaliza kazi hiyo katika kituo cha kawaida kwa siku mbili, nasi tungeshauri waanze na kompyuta iliyo katika ofisi ya kamanda.